Kiingereza cha Chakula kwa Msemaji wa Kiswahili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaohitaji Kiingereza cha chakula kwa kazi au kwa maisha: mhudumu wa hoteli Nungwi au Arusha, mwanafunzi aliyefika Uingereza juzi, familia iliyohamia Marekani na sasa inahangaika dukani. Maneno ya Kiingereza yameandikwa kwa herufi za mlalo.

## Mwanzo

Nianzie wapi?

Anzia kwenye sufuria zako mwenyewe. Andika vyakula unavyopika au kuhudumia wiki hii, kisha tafuta Kiingereza cha kila kilichomo: kiungo, chombo na kitendo. Anayepika maharage ya nazi atapata kwa mkupuo mmoja *beans*, *coconut milk*, *onion*, *pot*, *to soak* kwa kuroweka, *to boil* kwa kuchemsha na *to simmer* kwa kuacha kitokote polepole. Maneno hayo atayarudia kila akiingia jikoni, bila kujilazimisha.

Orodha za kuanzia A hadi Z sizipendekezi. Zinakupa *artichoke* na *asparagus* siku ya kwanza, vitu ambavyo huenda hujawahi kuvishika, halafu *okra* na *cassava* zinakuja baadaye sana au hazimo kabisa.

Je, nikariri orodha yenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili?

Kwa chumvi, yai na kitunguu haina shida: *salt*, *egg*, *onion*. Kwingine inapotosha, kwa sababu lugha hizi mbili hazigawi chakula kwa mafungu yaleyale. Sisi tuna mpunga shambani, mchele kwenye gunia na wali kwenye sahani. Mwingereza anaita vyote *rice*, na akitaka kubainisha anasema *cooked rice* au *uncooked rice*. Nasi tunaita zabibu tunda bichi na lililokaushwa. Yeye ana *grapes* kwa mabichi na *raisins* kwa makavu.

Kwenye nyama mambo yanageuka. Sisi tunataja mnyama tu: nyama ya ng'ombe, ya nguruwe, ya kondoo. Kiingereza kina jina la mnyama akiwa hai na jina jingine akishafika mezani: *cow* na *beef*, *pig* na *pork*, *sheep* na *mutton*. Chanzo chake ni mwaka 1066, Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza. Watawala walisema Kifaransa na maneno yao ya mezani yakabaki, huku wachungaji wakiendelea na majina yao ya zizini. Kuku hakuguswa na mgawanyo huo; ni *chicken* bandani na *chicken* sahanini. Kuhusu mbuzi, tazama swali la mwisho.

Nijifunze Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani?

Cha mahali utakapokula au kufanya kazi. Ukihudumia watalii, jua vyote viwili, maana meza moja inaweza kuwa na Mwingereza na Mmarekani. Biringanya ni *aubergine* Uingereza na *eggplant* Marekani. Giligilani, au dania kama wasemavyo Kenya, ni *coriander* Uingereza. Marekani majani yake ni *cilantro*, neno walilolichukua kwa Wahispania, na *coriander* kwao ni mbegu. Pilipili hoho ni *pepper* kwa Mwingereza, *bell pepper* kwa Mmarekani na *capsicum* kwa Mwaustralia, Mhindi na hoteli nyingi za kwetu.

Linalosumbua zaidi ni chipsi. Mwingereza akiagiza *chips* anataka viazi vya kukaanga vya moto. Mmarekani anaviita *fries*, na kwake *chips* ni zile nyembamba kavu za kwenye pakiti, ambazo Mwingereza huziita *crisps*. Ukiwa na shaka, uliza: *Hot fries, or from a packet?*

## Sokoni na dukani

Niko ughaibuni na nataka kupika ugali. Niombe unga gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na linastahili, maana kitu kilekile hubadilika jina ukivuka bahari.

Uingereza, usinunue *cornflour*. Jina linadanganya: ni wanga mtupu wa mahindi, unga laini mweupe unaoteleza kati ya vidole, wa kuzidishia mchuzi uzito. Ukiutia kwenye maji ya moto na kuanza kusonga, hautashikana. Utapata ute unaong'aa kama gundi. Unachotaka kinaitwa *maize meal* au *maize flour*, na hupatikana kwenye maduka ya Waafrika na baadhi ya maduka makubwa.

Marekani wanga huo huitwa *cornstarch*, kwa hiyo mtego huo haupo, lakini ipo mingine. Wewe tafuta *white cornmeal* iliyosagwa laini. Ya njano inaliwa, ila nyingi ni chenga na ladha yake ni nyingine. Soma pakiti vizuri: ukiona *self-rising*, rudisha rafuni, imechanganywa na *baking powder* na chumvi. Ukiona *masa harina* kwenye maduka ya Wameksiko, huo ni unga wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa kwa ajili ya tortilla. Harufu yake utaijua mara tu maji ya moto yakiugusa, na si ya ugali. Anayependa dona aangalie neno *whole grain*.

Kwa chapati, chukua *plain flour* Uingereza au *all-purpose flour* Marekani. Epuka *self-raising*, kwa sababu hiyohiyo.

Muhogo, magimbi, viazi vitamu na viazi vikuu vinaitwaje?

Muhogo ni *cassava*, lakini Marekani utaukuta zaidi kwa jina *yuca*, kwa sababu wauzaji na wanunuzi wake wengi ni watu wanaosema Kihispania. Maduka yao ni msaada mkubwa kwa Mswahili aliye mbali na nyumbani: yana muhogo, ndizi za kupika, mbaazi na maembe.

Magimbi, au nduma, omba *taro*. Wakenya wengi tumezoea kuyaita *arrowroot*, na nyumbani unaeleweka. Nje, *arrowroot* ni unga mweupe wa wanga unaouzwa kwenye kichupa pamoja na viungo. Kwenye maduka ya Wakaribi wa Uingereza yale madogo huitwa *eddoes*.

Viazi vikuu ni *yam*, na viazi vitamu ni *sweet potatoes*. Marekani, hata hivyo, viazi vitamu vya rangi ya chungwa mara nyingi huandikwa *yams*. Hapo amini macho yako kuliko kibao.

Ndizi ni *banana* au *plantain*?

Ndizi mbivu za kumenya na kula ni *bananas*. Ndizi mzuzu na mkono wa tembo ni *plantains*. Zile za kupika na nyama Bukoba, Kilimanjaro au Uganda si *plantains*, ingawa wengi huzitafsiri hivyo. Sema *cooking bananas* au *green bananas*. Maduka ya London yenye wateja Waganda huziandika *matoke* moja kwa moja.

Mchicha ni *spinach*?

Hapana. Mchicha ni *amaranth*, na katika maduka ya Wakaribi unauzwa kama *callaloo*. *Spinach* ni mmea mwingine. Sukuma wiki Marekani ni *collard greens*, inayopendwa sana na watu wa majimbo ya kusini. Uingereza *spring greens* inakaribia. Matembele ni *sweet potato leaves*, majani ya maboga ni *pumpkin leaves*, na mnavu, au managu, ni *African nightshade*. Kisamvu ni *cassava leaves*, na huuzwa kikiwa kimetwangwa na kugandishwa. Ukimpikia mgeni au kumwelekeza, mwambie wazi kwamba kisamvu lazima kichemshwe muda mrefu, kwa kuwa kibichi kina sumu: *It must be boiled for a long time. It is not a salad leaf.*

Na jamii ya kunde?

Kunde ni *cowpeas*. Zile zenye doa jeusi ni *black-eyed peas* Marekani na *black-eyed beans* Uingereza. Choroko, ambazo Kenya ni ndengu, ni *green grams* kwetu na *mung beans* kwingine. Dengu za Tanzania ni *chickpeas*, kwa hiyo Mkenya na Mtanzania wakienda dukani pamoja waelewane kwanza. Adesi ni *lentils*. Mbaazi ni *pigeon peas*, *gungo peas* kwa Wajamaika, *gandules* kwenye makopo ya Wapuertoriko.

Tui la nazi na maji ya dafu nitayatofautishaje?

Tui ni *coconut milk*, na tui zito la kwanza ni *coconut cream*. Maji ya dafu ni *coconut water*. Ukichanganya hayo mawili kwenye orodha ya manunuzi, utapika wali wa nazi kwa kinywaji cha wanamichezo.

## Jikoni

Kuchoma ni *roast*, *grill* au *burn*?

Inategemea moto uko wapi. Nyama juu ya makaa ni *grilled* au *barbecued*. Mahindi ya barabarani pia ni *grilled* au *roasted*. Nyama ndani ya oveni ni *roasted*; mkate au keki ndani ya oveni hiyohiyo ni *baked*. Mmarekani akipitisha nyama chini ya moto unaotoka juu ya oveni anasema *broil*, wakati Mwingereza husema *grill*. *Burnt* ni kuungua, na menyu inayosema *burnt meat* badala ya *grilled meat* inafukuza wateja wasiojua nyama choma ni kitu gani.

Kukaanga ni *fry*: kwa mafuta mengi ni *deep-fry*, kwa mafuta kidogo ni *shallow-fry* au *pan-fry*. Kuunga hakuna neno moja linalolibeba. Eleza hatua: *cooked with onions, tomatoes and coconut milk*.

Chakula kimeiva: *ripe* au *cooked*?

Embe lililoiva ni *ripe*. Wali ulioiva ni *cooked*, au *done* kama unamjibu mtu anayesubiri: *The rice is done.* Kwa nyama ya ng'ombe mgeni anaweza kuchagua kiwango: *rare* ni ambayo bado nyekundu ndani, *medium* ni ya katikati, *well done* ni iliyoiva kabisa. "Mbichi" nayo inagawanyika: nyama mbichi ni *raw*, embe bichi ni *unripe*, mboga mbichi iliyotoka shambani leo ni *fresh*.

Maelekezo ya kupika yanasema *cup*, *stick* na 350. Ni kiasi gani?

*Cup* ya Marekani ni takriban mililita 240. *Tablespoon*, inayofupishwa *tbsp*, ni mililita 15, na *teaspoon*, yaani *tsp*, ni 5. Ukibadilisha hizi mbili kwenye chumvi chakula hakiliki. *Stick* ya siagi ni gramu 113. *Pound* ni gramu 454 na *ounce* ni gramu 28. Joto la 350 ni la Farenhaiti, sawa na selsiasi 177 hivi; weka oveni kwenye 180.

Nimeambiwa nitie *two cloves of garlic*. Ni karafuu?

Ni punje mbili za kitunguu saumu. Neno *clove* linasimamia karafuu na pia punje ya saumu. Likifuatwa na *of garlic*, ni saumu. Likisimama peke yake kwenye orodha ya viungo pamoja na *cardamom* na *cinnamon*, yaani iliki na mdalasini, ni karafuu. Na tukiwa kwenye viungo vya pilau: bizari nyembamba ni *cumin*, manjano ni *turmeric*, pilipili manga ni *black pepper*.

## Mezani na kazini

Kwa nini mgeni alishangaa nilipomwambia samaki ni *sweet*?

*Sweet* ni utamu wa sukari. Utamu wa samaki, wa pilau au wa mchuzi ni *delicious* au *tasty*. Kali nayo ina sehemu zake: pilipili kali ni *hot* au *spicy*, maziwa yaliyochachuka ni *sour*. Kwa kuwa *hot* pia ni moto, mhudumu anayeuliza *Do you like it hot?* ajiandae kueleweka vibaya. *Spicy* ni salama zaidi.

Mboga ni *vegetables*?

Ni *vegetables* ikiwa ni majani, karoti au kabichi. Lakini tunaposema "leo mboga ni dagaa," *vegetables* haiingii kabisa, na mgeni asiyekula nyama anaweza kudhurika kwa tafsiri hiyo. Sema *Today we are having ugali with dagaa, a small dried fish.* Kitoweo na mchuzi vifuate njia hiyohiyo: *stew* kama ni nzito yenye vipande, *sauce* kama ni ya kumwagia, *broth* kwa supu nyepesi ya asubuhi.

Nitafsirije ugali, urojo, vitumbua na maandazi?

Usitafsiri. Lihifadhi jina, kisha eleza kwa sentensi moja. *Ugali is a stiff maize porridge. You eat it with your hand.* *Urojo is a Zanzibar soup, sour and spicy, with fritters and potatoes.* *Vitumbua are small rice pancakes with coconut.* Maandazi ukiyaita *doughnuts* peke yake, mtu atatarajia sukari juu na jemu ndani. Sema *lightly sweet fried bread*. Menyu yenye *stiff porridge* badala ya ugali inamnyima mgeni neno ambalo angerudi nalo kwao na kuliomba tena.

Samaki na wanyama wa pwani wanaitwaje?

Pweza ni *octopus*, ngisi ni *squid* na mara nyingi *calamari* kwenye menyu, kaa ni *crab*, chaza ni *oyster*. Kamba ni *prawn* kwa Mwingereza na *shrimp* kwa Mmarekani; kambakoche ni *lobster*. Jodari ni *tuna*, nguru ni *kingfish*, papa ni *shark*. Kutoka ziwani, sato ni *tilapia* na sangara ni *Nile perch*.

Mgeni amesema *I'm allergic to nuts*. Nifanye nini?

Simama, msikilize mpaka mwisho, na usijibu *no problem* kabla hujaingia jikoni. Anazungumzia mzio, na mzio unaweza kuua. Mdodose kwa maswali: *Peanuts, or tree nuts, or both?* *Peanuts* ni karanga, *tree nuts* ni korosho, lozi na wenzake. Kisha muulize mpishi kila kilichomo. Kisamvu cha karanga kinaonekana cha kijani tu sahanini. Mchuzi wa kuku unaweza kuwa na korosho zilizosagwa. Mafuta yaliyokaangia karanga asubuhi yanaweza kuwa ndiyo yanayokaanga viazi mchana. Nazi itaje hata kama hakuuliza: *There is coconut in this.*

Maneno mengine ya kujua kwa moyo: *shellfish* kwa kamba, kaa, chaza na jamii yao, *dairy* kwa maziwa, siagi na samli, *gluten*, iliyomo kwenye ngano na shayiri, *sesame*, yaani ufuta. Sheria ya Uingereza inataka vyakula 14 vya mzio vitajwe, ya Marekani 9, ufuta ukiwa umeongezwa na kuanza kutumika mwaka 2023. Kwa hiyo mgeni anapouliza amezoea kujibiwa. Kama huna hakika, sema *I am not sure. Please don't eat it until I ask the chef.*

"Naomba maji" niseme *Give me water*?

Hapana, inasikika kama amri. *Can I have some water, please?* ndiyo "naomba" yao. Unapoagiza: *I'll have the fish, please.* "Karibu chakula" isiwe *welcome food*. Sema *Please join us* au *Would you like some?* "Nimeshiba, asante" ni *I'm full, thank you*, na kwenye meza ya heshima *I've had plenty, thank you.*

## Matamshi na sarufi

Herufi zipi hazitamkwi?

*Salmon* ni "samon," *almond* kwa wengi ni "amond," *lamb* ni "lam," *knife* ni "naif," *buffet* ni "bufe." *Recipe*, maelekezo ya kupika, ina silabi tatu: "resipi." *Receipt* ni risiti yetu ileile, na P haisikiki. *Dessert*, kitamutamu baada ya mlo, inakazwa mwishoni. *Desert* ya jangwa inakazwa mwanzoni.

Ambao L na R huchanganyika kinywani mwao walifanyie mazoezi neno *rice* kwa sauti, kwa sababu *lice* ni chawa. Na tusiongeze irabu mwishoni: *cake* inakatika kwenye K, haifiki "keki."

Kwa nini haisemwi *two breads*?

Kiingereza hakihesabu mkate, wali, maziwa wala nyama. Kinahesabu kipimo chake. *A loaf of bread* ni mkate mzima, *a slice* ni kipande, *a bunch of bananas* ni kichane, *a carton of milk* ni pakiti ya maziwa. Maji na maziwa kwetu ni wingi, "haya maziwa," lakini kwao ni umoja: *this milk is cold.* Mhudumu wa mgahawani akisema *two waters* anamaanisha chupa au glasi mbili, na hapo inakubalika.

## Visa vya pembeni

Mapera ni *pears*?

Ni *guavas*. *Pear* ni tunda lingine, la nchi za baridi.

*Tea* ni chai tu?

Kaskazini mwa Uingereza *tea* ni pia mlo wa jioni. Ukialikwa *for tea* na familia ya huko, uliza saa, na usile ukashiba kabla. Kuhusu saa zenyewe: *dinner at eight* ni saa mbili usiku.

Uji ninakunywa au ninakula?

Uji mwepesi wa kikombeni, *drink* inafaa. *Porridge* ya Mwingereza ni nzito, ya oti (*oats*), inaliwa kwa kijiko, na kitenzi ni *eat*. Supu nayo wao wanakula. Dawa hawaili wala hawainywi: *take medicine.*

Na mbuzi je?

*Goat*, au *goat meat*. *Mutton* kwa Mwingereza ni kondoo mkubwa, na *lamb* ni kondoo mchanga. Lakini kwa Wahindi na Wapakistani, wawe Mombasa, Birmingham au Dubai, *mutton* mara nyingi ni mbuzi. Kwenye bucha yao uliza moja kwa moja: *Is this goat or sheep?*